Kidole kimoja hakivunji chawa: Kanada na msimu ujao wa barafuni

Huku kwetu Pwani barafu tunaijua kwa kazi mbili: kupoza maji ya ukwaju na kumweka samaki asioze kabla ya kufika sokoni. Kwamba mtu anaweza kuvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, akateleza mbio juu ya barafu hiyo, akaruka, akazunguka mara nne hewani na kutua kwa mguu mmoja, ni jambo ambalo wengi wetu hulitazama mara moja kila baada ya miaka minne. Olimpiki ya majira ya baridi hupita kwenye televisheni, tunashangaa kidogo, kisha tunasahau.

 Februari 2026 ni zamu ya michezo hiyo huko Milano na Cortina, Italia. Wala si michezo isiyotuhusu hata kidogo. Philip Boit alibeba jina la Kenya katika mbio za theluji huko Nagano mwaka 1998. Miaka 20 baadaye, huko Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki hiyo, akiteremka milima ya theluji. Tena tunao jamaa waliohamia Toronto na Ottawa, ambao watoto wao wamezaliwa wakikuta uwanja wa barafu mtaani kama sisi tulivyokuta uwanja wa kandanda.

Kwa jamaa hao wa Kanada, mjadala wa sasa ni mmoja. Nchi yao ni miongoni mwa nchi kubwa za mchezo wa kuteleza kwa sanaa, ule wa muziki, mavazi ya kung'aa na miruko. Je, msimu ujao wa 2025/26 utawaletea nini? Mashabiki wanagombania medali: huyu atachukua dhahabu, yule amezeeka, yule mwingine hajapona. Makala haya yanajaribu kueleza kitu ambacho mashabiki wengi hukiruka. Hali ya Kanada msimu ujao haitaamuliwa na nyota wake wakubwa pekee. Itaamuliwa pia na hesabu ya nafasi, na hesabu hiyo inawaumiza mahali ambapo zamani walikuwa na nguvu.

Mchezo wenyewe ulivyo

Tuanze na msingi, ili tuwe pamoja. Mchezo una mafungu manne. Kuna wanaume mmoja mmoja na wanawake mmoja mmoja. Kuna jozi, yaani mwanamume na mwanamke, ambapo mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa na kumrusha hewani ili atue mwenyewe. Na kuna dansi ya barafuni, ambayo pia ni ya watu wawili, lakini haina kurushana wala miruko mikubwa. Humo kinachopimwa ni miguu, mdundo, na jinsi wawili wanavyokwenda kama mwili mmoja.

Kila mshindani huingia uwanjani mara mbili: onyesho fupi siku moja, onyesho refu siku nyingine. Alama hujumlishwa. Kila mruko una thamani yake iliyoandikwa kabla. Mruko uitwao Lutz, ukiwa wa mizunguko 3, una alama 5.9. Ukiwa wa mizunguko 4, una alama 11.5, karibu mara mbili. Kisha waamuzi huongeza au kupunguza kulingana na ubora, kuanzia kutoa 5 hadi kuongeza 5, na kila hatua moja ni sawa na asilimia 10 ya thamani ya mruko.

Hapo ndipo pana kamari. Chukua mtelezaji anayejaribu Lutz ya mizunguko 4, akaikamilisha hewani lakini akaanguka anapotua. Waamuzi wakimtoza adhabu kamili, hubakiwa na nusu, yaani 5.75. Anguko lenyewe hutozwa alama 1 zaidi. Anabaki na 4.75. Mwenzake aliyefanya Lutz ya mizunguko 3 kwa usafi amepata 5.9 na nyongeza juu. Kwa hiyo mruko mkubwa ni mali ukisimama na hasara ukianguka. Mashabiki wanaposema fulani "ana miruko mikubwa", swali la pili liwe: anaitua mara ngapi?

Nafasi hutoka wapi

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nchi haiamui yenyewe itapeleka watelezaji wangapi kwenye mashindano ya dunia au Olimpiki. Idadi hutokana na matokeo ya mashindano ya dunia yaliyotangulia. Kiwango cha juu ni nafasi 3 kwa kila fungu.

Anayefuata kandanda atalielewa jambo hili upesi. Simba ya Dar es Salaam ilipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19, pointi zake zilizinufaisha klabu nyingine za Tanzania. Msimu uliofuata nchi hiyo ikapeleka klabu 4 katika mashindano ya Afrika, 2 Ligi ya Mabingwa na 2 Kombe la Shirikisho. Huku kwetu Kenya tulibaki na moja moja. Simba ilicheza, Yanga ikafunguliwa mlango. Barafuni mambo ni hayo hayo, ila mzigo hubebwa na mtu mmoja au wawili badala ya kikosi kizima.

Kanuni ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, inakwenda hivi. Nchi ikiwa na washindani wawili au watatu, huchukuliwa nambari za wale wawili bora na kujumlishwa. Jumla ikiwa 13 au chini yake, nchi inapata nafasi 3 kwa mwaka unaofuata. Ikizidi 13 lakini isizidi 28, inapata 2. Ikizidi hapo, inabaki na 1. Mfano: mmoja akiwa wa 5 na mwenzake wa 8, jumla ni 13, na mlango wa watatu umefunguka. Huyo wa pili akiteleza kidogo na kuwa wa 9, mlango wa tatu umefungwa.

Nchi yenye mshindani mmoja tu ina kanuni yake. Mtu huyo akiwa wa 1 au wa 2, analeta nafasi 3. Akiwa kati ya 3 na 10, analeta 2. Akiwa wa 11 au chini zaidi, nchi inabaki na moja.

Huo ndio mtego. Ukiwa na washindani wawili, mmoja akiharibu, mwenzake anaweza kupunguza hasara. Ukiwa na mmoja, usiku mmoja mbaya, mafua, au kiatu kinachobana, na nchi nzima inasubiri mwaka mwingine. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Barafuni, kidole kimoja ndicho kinachoambiwa kivunje, tena mbele ya dunia nzima.

Kanada inaanzia wapi

Mashindano ya dunia ya Machi 2025 yalifanyika Boston, Marekani, na ndiyo yaliyogawa sehemu kubwa ya nafasi za Olimpiki. Kanada ilitoka huko na nafasi 3 za dansi, nafasi 2 za jozi, nafasi 1 ya wanaume na nafasi 1 ya wanawake.

Itazame hesabu hiyo polepole. Pale watu wanapoteleza wawili wawili, Kanada ni tajiri. Pale mtu anaposimama peke yake, Kanada ni masikini.

Haikuwa hivyo kila wakati, na hapo ndipo uchungu wa mashabiki ulipo. Donald Jackson wa Kanada ndiye aliyekuwa wa kwanza kutua Lutz ya mizunguko 3 mashindanoni, huko Prague mwaka 1962, na siku hiyo akawa bingwa wa dunia. Vern Taylor, Mkanada pia, alikuwa wa kwanza kutua Axel ya mizunguko 3, Ottawa mwaka 1978. Kurt Browning, Mkanada mwingine, ndiye wa kwanza kutambuliwa kwa kutua mruko wa mizunguko 4 mashindanoni, Budapest mwaka 1988. Patrick Chan alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2011 hadi 2013. Miruko ambayo leo inawashinda Wakanada, mingi ilianza miguuni mwa Wakanada.

Kisha ukaja mwaka 2018. Huko Pyeongchang Kanada ilichukua dhahabu ya timu. Tessa Virtue na Scott Moir wakachukua dhahabu ya dansi na kufikisha medali 5 za Olimpiki, idadi ambayo hakuna mtelezaji wa sanaa aliyewahi kuwa nayo kabla yao. Meagan Duhamel na Eric Radford wakapata shaba ya jozi, Kaetlyn Osmond shaba ya wanawake. Mwezi uliofuata Osmond akawa bingwa wa dunia, tena mjini Milano, Mkanada wa kwanza wa kike kufanya hivyo tangu Karen Magnussen mwaka 1973.

Halafu wakaondoka karibu wote kwa mpigo. Chan alistaafu. Duhamel na Radford wakafunga kazi. Virtue na Moir hawakushindana tena. Osmond akapumzika msimu mmoja, kisha akatangaza kuacha mwaka 2019. Ni kama jahazi lililofika bandarini na shehena kubwa, nahodha na mabaharia wakashuka siku moja, likaachiwa vijana waliokuwa bado wanajifunza kufunga tanga. Nafasi zilizopatikana na wakubwa zilipaswa kulindwa na wadogo, na kila zilipopungua, wadogo walikosa mahali pa kukulia. Bila nafasi hupati uzoefu, bila uzoefu hupati nambari nzuri, na bila nambari nzuri hupati nafasi.

Dansi: matumaini makubwa

Sasa tuwapitie mmoja mmoja. Tumaini kubwa la Kanada ni Piper Gilles na Paul Poirier. Wako pamoja tangu 2011. Walikuwa wa 8 Olimpiki ya 2018 na wa 7 mwaka 2022, nambari zisizomtia mtu wivu. Lakini dansi ya barafuni hukomaa kama divai ya mnazi iliyokaa, si kama tunda la msimu. Walichukua shaba ya dunia 2021 na 2023, kisha fedha 2024 Montreal na fedha tena 2025 Boston.

Katikati ya safari hiyo Gilles alifanyiwa upasuaji, na Mei 2023 akatangaza kwamba alikutwa na saratani ya ovari katika hatua ya kwanza. Shaba ya 2023 aliivaa baada ya upasuaji huo. Anayesema wawili hawa wamechoka na akumbuke hilo kwanza.

Walio mbele yao ni Madison Chock na Evan Bates wa Marekani, mabingwa wa dunia 2023, 2024 na 2025. Mwanya si mkubwa: Februari 2025 mjini Seoul, katika mashindano ya mabara manne, Gilles na Poirier waliwashinda. Ila msimu huu kuna jina jipya linalosumbua usingizi wa mashabiki. Guillaume Cizeron wa Ufaransa, bingwa wa Olimpiki 2022 akiwa na Gabriella Papadakis, ametangaza kurudi na mwenzi mpya, Laurence Fournier Beaudry, ambaye hapo awali aliteleza kwa jina la Kanada. Basi Kanada huenda ikapambana na mtu iliyemlea yenyewe.

Kwa maoni yangu, hapa medali ni matarajio ya haki. Rangi yake ndiyo ya kubishaniwa. Nyuma yao wapo Marjorie Lajoie na Zachary Lagha, mabingwa wa dunia wa vijana 2019. Nafasi ya tatu inagombaniwa, na miongoni mwa wanaoitaka ni Marie-Jade Lauriault na Romain Le Gac, waliowahi kuiwakilisha Ufaransa katika Olimpiki ya 2018. Huu ndio utajiri wa nafasi 3: mnakuwa na kugombania, na kugombania kunanoa.

Jozi: mgeni njoo, mwenyeji apone

Kama kuna kisa kimoja cha kumsimulia mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo huu, ni cha Deanna Stellato-Dudek. Alizaliwa Marekani mwaka 1983. Mwaka 2000 alikuwa mshindi wa pili wa dunia kwa vijana, akiteleza peke yake kwa bendera ya Marekani. Majeraha ya nyonga yakamtoa. Aliacha, akafanya kazi nyingine kwa miaka 16, kisha 2016 akarudi, akageukia jozi, na mwaka 2019 akaungana na Maxime Deschamps wa Kanada. Machi 2024, mjini Montreal mbele ya watu wa Deschamps, wakawa mabingwa wa dunia. Yeye alikuwa na miaka 40, mwanamke mkubwa kuliko wote kuwahi kutwaa taji la dunia katika mchezo huu.

Mashindano ya dunia yanakubali wawili wenye uraia tofauti. Olimpiki haikubali: wote wawili lazima wawe raia wa nchi wanayoiwakilisha. Stellato-Dudek alipata uraia wa Kanada mwishoni mwa 2024, na mlango ukafunguka. Gilles naye alizaliwa Marekani na kuwa Mkanada mwaka 2013. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na Kanada imepona kweli.

Lakini shabiki mwaminifu hatafuni maneno. Boston 2025 Stellato-Dudek na Deschamps walikuwa wa 5. Riku Miura na Ryuichi Kihara wa Japani walichukua dhahabu, wakifuatwa na jozi za Ujerumani na Italia. Februari 2026 Stellato-Dudek atakuwa na miaka 42, katika fungu ambalo mwanamke hurushwa hewani na kutarajiwa kutua kwa mguu mmoja. Wanaweza kupata medali wakiteleza kama Montreal, wanaweza kukosa wakiteleza kama Boston, na hakuna ajuaye ipi kati ya hizo itasafiri kwenda Milano. Jozi nyingine, Lia Pereira na Trennt Michaud, iliingia 10 bora ya dunia mwaka 2023 katika msimu wao wa kwanza pamoja. Hao ndio wa kuangaliwa kwa miaka ijayo.

Wanaume na wanawake: mlango mwembamba

Hapa ndipo sauti za mashabiki hupanda. Nafasi ni moja kwa wanaume, na wanaoitamani ni kadhaa. Roman Sadovsky ndiye bingwa wa taifa wa 2025, mtelezaji mwenye mistari mizuri na uzoefu mrefu, ambaye siku zake nzuri na mbaya hazifanani. Wesley Chiu alikuwa bingwa wa taifa 2024. Na kuna Stephen Gogolev. Desemba 2018, akiwa na miaka 13, Gogolev alishinda fainali ya dunia ya vijana mjini Vancouver akiwa na miruko ya mizunguko 4. Mashabiki walimtawaza hapo hapo. Kisha mwili ukarefuka, majeraha yakaja, na misimu ikapita. Wapo wasiomtaja tena. Wapo wanaosema mwenye mruko hausahau. Mimi niko na hawa wa pili, kwa tahadhari: kipaji kile hakikuwa cha kubahatisha, ila afya ndiyo itakayoamua.

Ugumu ni kwamba kiwango cha juu kimekimbia. Ilia Malinin wa Marekani, bingwa wa dunia 2024 na 2025, alitua miruko 6 ya mizunguko 4 katika onyesho moja mjini Montreal, ikiwemo Axel ambayo hakuna mwingine aliyeitua mashindanoni kabla yake. Mkanada wa leo hahitaji kumkamata Malinin. Anahitaji kuwa wa 10 au juu zaidi katika mashindano ya dunia, ili mwaka unaofuata waende wawili. Hilo ni lengo dogo machoni na kubwa katika maana.

Kwa wanawake jina kubwa ni Madeline Schizas, bingwa wa taifa 2022, 2023 na 2025. Hana Axel ya mizunguko 3, na hiyo humpunguzia dari ya alama. Alicho nacho ni moyo wa timu. Beijing 2022, katika shindano la timu, alikuwa wa 3 katika onyesho fupi na wa 3 katika onyesho refu. Ajabu ya mchezo ni kwamba mtu huyo huyo akiingia kwa ajili yake mwenyewe mara nyingine hupungukiwa.

Kuna habari njema kwa watu wazima kama yeye. Tangu msimu wa 2024/25 umri wa chini wa kushindana na wakubwa ni miaka 17. Zamani ulikuwa 15, na mabinti wadogo wepesi waliruka, wakang'aa, wakatoweka. Kanuni hii inampa nafasi mwanamke aliyekomaa.

Shindano la timu: mnyororo hukatika penye pete dhaifu

Sasa unganisha yote. Olimpiki ina shindano la timu, ambalo linahusisha nchi 10. Kila nchi hutoa mshindani kwa kila fungu. Wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 9, hivyo hivyo hadi 1. Baada ya hatua ya kwanza nchi 5 za juu huendelea.

Piga hesabu ya mfano. Tuseme nchi moja imeshinda dansi, pointi 10, na kuwa ya pili katika jozi, pointi 9. Lakini wanaume na wanawake wake wamekuwa wa 8, pointi 3 kila mmoja. Jumla ni 25. Nchi nyingine haina nyota hata mmoja, ila imekuwa ya 4 katika mafungu yote, pointi 7 mara nne. Jumla ni 28. Nchi isiyo na nyota imeipita nchi yenye nyota. Kanada iko hatarini kuwa ile ya kwanza.

Na Kanada inajua thamani ya pointi moja. Beijing 2022 ilimaliza ya 4. Baadaye Kamila Valieva wa Urusi akaondolewa kwa sababu ya dawa iliyopigwa marufuku, na Januari 2024 ISU ikafuta pointi zake. Marekani ikapewa dhahabu, Japani fedha. Lakini pointi za waliokuwa nyuma ya Valieva hazikupandishwa. Urusi ikabaki na 54, Kanada 53. Kanada ilikata rufaa katika mahakama ya michezo, na Agosti 2024 rufaa ikatupwa. Shaba ilikwenda kwa pointi moja. Schizas na wenzake walikuwa wamefanya kazi yao. Anayedhani nambari ya 8 au ya 7 ya mtelezaji mmoja ni jambo dogo, awaulize wao.

Warusi wenyewe wamezuiwa na ISU tangu Machi 2022. Wachache wanaweza kuja bila bendera, kupitia mashindano ya mwisho ya kufuzu Beijing Septemba 2025. Hilo huenda likabadilisha nambari za watu mmoja mmoja, lakini katika shindano la timu Urusi haimo.

Walimu wapo, kwa nini warukaji hawatoshi?

Swali hili mashabiki huliuliza kila mwaka. Kanada ni shule ya dunia. Yuna Kim wa Korea Kusini alipata dhahabu ya Olimpiki 2010, na Yuzuru Hanyu wa Japani 2014 na 2018, wote wakiwa wanafunzi wa Brian Orser mjini Toronto. Montreal kuna chuo cha dansi cha Marie-France Dubreuil na Patrice Lauzon, ambako Virtue na Moir, Papadakis na Cizeron, na Chock na Bates wote wamefundishwa. Mwalimu hakosekani.

Wengine husema ni gharama: masaa ya uwanja, viatu, mwalimu, mavazi, safari, na mzazi ndiye mlipaji. Wengine husema hoki imewameza vijana wa kiume. Kuna ukweli ndani ya yote mawili, lakini mambo hayo yalikuwepo pia wakati wa Chan na Osmond. Kwangu mimi jibu la karibu zaidi ni lile la nafasi. Dansi imekuwa na watatu kwa watatu, mkubwa akimfungulia njia mdogo, na mdogo akijua atafika kwenye jukwaa la dunia kabla hajawa nyota. Mrukaji kijana wa Kanada anajua kwamba hata akiwa wa pili nchini kwake, atatazama mashindano ya dunia kwenye televisheni.

Cha kutazama

Kwa anayetaka kufuatilia na jamaa zake wa Kanada, ratiba ni hii. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba 2025 kuna mashindano ya Skate Canada mjini Saskatoon, mtihani wa kwanza wa kweli nyumbani. Januari 2026 kuna ubingwa wa taifa huko Gatineau, Quebec, na hapo itajulikana nani anabeba ile nafasi moja ya wanaume na ile moja ya wanawake. Februari ni Olimpiki. Machi ni mashindano ya dunia mjini Prague, jiji lile lile ambalo Donald Jackson aliruka Lutz yake mwaka 1962.

Wengi watazima televisheni baada ya Olimpiki. Wasifanye hivyo. Medali ya Milano, ikipatikana, itakuwa ya Gilles na Poirier, au ya Stellato-Dudek na Deschamps, watu waliojitolea miaka mingi na wanaostahili. Lakini mlango wa watoto walio kwenye viwanja vya mitaani leo, wakiwemo wa jamaa zetu, utafunguliwa au kufungwa Prague, na mtelezaji mmoja asiye na medali anayepigania kuwa wa 10. Ukimwona anatua mruko wake wa mwisho na kusimama, usiangalie kama amepanda jukwaani. Angalia nambari. Ikiwa ni 10 au juu ya hapo, mwaka unaofuata hatasafiri peke yake.